Karatasi Yenye Fremu ya Nyota

Kompyuta zilikuwa nne, na moja haikuwahi kuwaka. Wafadhili walizileta miaka ya tisini ikielekea ukingoni, zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka, zikashushwa kwenye shule ya sekondari niliyokuwa nafundisha upande wa Temeke, zimeviringishwa kwenye mablanketi ya kijivu. Pamoja nazo ilikuja printa moja ya utepe, ya aina ile iliyokwaruza karatasi mstari kwa mstari kwa kelele iliyosikika mpaka ofisi ya walimu. Chumba nilichokiomba, mkuu wa shule alitaka kuwekea saruji, maana ujenzi wa vyoo ulikuwa umesimama na masika yalikuwa yanakaribia. Nilimfuatafuata wiki tatu. Mwishowe alinipa ufunguo, akaniambia kwamba siku nitakapomletea matatizo, saruji itaingia.

Nilikuwa mwalimu wa kupiga chapa, na somo langu lilikuwa linakufa. Taipureta zilizobaki zilikuwa kumi na mbili, tano kati yake hazina utepe, na kila mwaka wanafunzi waliojiandikisha walipungua. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesoma kozi ya jioni ya kompyuta mjini, miezi mitatu, narudi nyumbani Tandika miguu imevimba. Kwa hiyo zilipofika zile mashine, mimi peke yangu ndiye niliyejua pa kuziwashia. Walimu wenzangu wakaanza kuniita mtaalamu. Wengine waliniita hivyo kwa utani, lakini mie nililipenda lile jina kuliko nilivyowaonyesha.

Tulikubaliana nianze na kidato cha nne, kwa kuwa wao ndio waliokuwa karibu kutoka kwenda kutafuta kazi. Walijiandikisha ishirini na wawili. Walikaa wawili wawili kwa zamu, na kila wawili walikuwa na disketi yao moja iliyoandikwa majina yao juu. Niliwafundisha kuwasha na kuzima, kuandika, kuweka kichwa cha habari katikati, kuhifadhi na kuchapa. Printa yetu haikuweza kuchora mistari, kwa hiyo nilibuni njia ya kuyazungushia maandishi fremu ya nyota, zile alama ndogo zinazokaa juu ya namba nane. Barua ya kuomba kazi ikizungushiwa nyota ilipendeza mno. Wanafunzi walikwenda nazo nyumbani kuonyesha, na baba mmoja aliyekuwa kuli bandarini alikuja shuleni makusudi kuniambia kwamba ya mwanawe ameibandika sebuleni.

Hayo ndiyo niliyofundisha. Sikuwaambia neno hata moja kuhusu karatasi ikishatoka mikononi mwao inakwenda wapi na inafanya nini. Enzi zile kitu kilichochapwa na kompyuta kilikuwa na uzito wa peke yake. Watu walikuwa wakisema kompyuta haikosei, na wanafunzi wangu walisema hivyo hivyo mbele yangu darasani. Sikuwasahihisha. Kadiri walivyoiheshimu mashine ndivyo walivyoniheshimu mimi.

Miongoni mwao alikuwepo binti mmoja ambaye baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago. Walikuwa watu wa Newala, wamehamia Dar yeye akiwa mdogo, wakajenga Yombo. Baba yake alichonga nyumbani, kwenye kibanda cha uani, na mwisho wa wiki alipeleka kazi Mwenge kuuza. Mama yake alifariki binti akiwa kidato cha pili, baada ya kuugua karibu mwaka mzima. Walimu tulichanga rambirambi tukaenda msibani. Hakuna aliyeuliza ugonjwa. Siku hizo watu hawakuuliza, walimwangalia marehemu alivyokonda wakamaliza wenyewe mioyoni mwao. Baada ya msiba bibi yake mzaa baba alikuja kutoka kusini kukaa nao, mwanamke mrefu mwenye chale mashavuni, mkimya.

Huyo binti hakuwa mwepesi wa vidole. Aliandika polepole, akasoma tena alichoandika, ndipo akachapa. Rafiki yake ndiye aliyekuwa mwepesi. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, walikula pamoja, walisukana nywele Jumapili, na disketi yao ilikuwa moja. Rafiki yake aliandika kama mvua inayopiga bati, na yeye mwenyewe alijua hivyo, na darasa zima lilijua. Ilipofika wakati nikahitaji mwanafunzi wa kushika ufunguo na kusimamia chumba wakati wa mapumziko ya mchana, wote walitegemea nitamchagua yeye. Nikamchagua binti wa mchongaji, kwa sababu alikuwa anafunika mashine kwa kitambaa bila kuagizwa. Nilitangaza mbele ya darasa. Rafiki yake alipiga makofi pamoja na wenzake, na mimi sikuona jambo jingine.

Haikupita hata mwezi. Jumatatu moja nilifika shuleni kabla ya kengele ya mstarini, nikawakuta wanafunzi wamejazana kwenye pipa la maji ya kunywa. Hawakuwa wakipiga kelele, na hilo ndilo lililonishtua. Waliponiona wakanipisha. Juu ya pipa, ukutani, ilikuwa imebandikwa karatasi. Katikati juu iliandikwa TAARIFA YA MAABARA. Chini yake jina kamili la yule binti, umri wake, kidato chake. Mstari uliofuata ulisema amepatikana na virusi. Mwingine ulisema mama yake alikufa kwa ugonjwa huo huo. Chini kabisa palikuwa na saini ya kukorogwa ya daktari ambaye hakuwepo duniani. Na pande zote nne, imenyooka vizuri kama nilivyowafundisha, fremu ya nyota.

Nikaibandua. Ilikuwepo nyingine kwenye mlango wa choo cha wasichana, na nyingine kwenye ubao wa matangazo. Nilizibandua zote nikadhani nimemaliza. Kumbe ilikuwa imeshapelekwa fotokopi kwenye kibanda cha njiani, na mpaka saa sita mchana karatasi hiyo ilikuwa ndani ya madaftari ya watoto ambao hata hawakumjua mhusika kwa sura. Mwalimu wa nidhamu aliikunja moja akaitia mfukoni, akasema ni ushahidi. Jioni nilipopita nyuma ya ofisi nilimsikia akiwasomea wenzake, na walikuwa wanacheka.

Binti mwenyewe alikuwa mstarini kama siku zote. Nilimwona. Wasichana wa mbele yake walikuwa wamesogea mbele, wa nyuma wamerudi nyuma, naye amesimama kwenye nafasi ambayo angeweza kujinyoosha mikono pande zote asimguse mtu. Hakulia. Wakati wa mapumziko ya mchana alikuja kufungua chumba, akafunika mashine, akafunga, akanirudishia ufunguo mezani kwangu kwa mikono miwili. 

Siku hiyo hiyo, wanafunzi walipoondoka, nilijifungia kwenye kile chumba nikaanza kupitia disketi moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Nilipofika ya nane nikaikuta. Ilikuwa kwenye disketi yenye jina lake na jina la rafiki yake, imehifadhiwa kwa jina la barua ya sita, katikati ya barua za kuomba kazi. Mashine ilionyesha ilihifadhiwa Ijumaa mchana. Nikakumbuka Ijumaa mchana. Mimi ndiye niliyemtuma binti wa mchongaji apeleke rejista kwa mkuu, nikamwambia amwachie rafiki yake ufunguo, asihangaike kufunga.

Nilikaa pale mpaka giza lilipoanza kuingia dirishani. Nilijua la kufanya. Ofisi ya mkuu ilikuwa hatua arobaini kutoka pale nilipokaa, na yeye alikuwa bado yupo, nilisikia redio yake. Lakini kichwani nilimsikia pia akisema yale maneno ya saruji. Niliona chumba kimejaa mifuko, niliona narudi kwenye taipureta zisizo na utepe, naitwa mwalimu wa kupiga chapa mpaka nitakapostaafu. Nikaitoa ile disketi nikaitia mkobani. Nikafunga mlango nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha walimu. Mkuu aliiweka ile karatasi mezani, akaniuliza mbele ya wote kama imetoka kwenye mashine zangu.

"Mkuu, siku hizi vitu hivi vinachapwa popote," nikamjibu. "Kariakoo maduka ya kuchapa ni mengi. Mtu yeyote angeweza."

Walimu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi ndiye mtaalamu. Mkuu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba chanzo hakijulikani, tukaingia kwenye ajenda ya madawati.

Karatasi haikubaki shuleni. Siku ya tatu mtu aliibandika Yombo, kwenye bomba la maji ambako yule bibi alikwenda kuteka asubuhi. Bibi hakujua kusoma. Aliona wanawake wameizunguka, na walipomwona wakatawanyika, wengine ndoo hazijajaa. Akamzuia jirani mmoja, akamwomba amsomee. Yule jirani alisoma mpaka mwisho. Bibi akashukuru, akajitwisha ndoo yake akarudi nyumbani, akamwambia mwanawe kwamba kuna karatasi bombani akaitoe. Haya bibi aliniambia mwenyewe baadaye.

Baba wa binti aliamua kumpeleka kupimwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifikiri kwamba jambo lililoandikwa kwenye karatasi litaondolewa na karatasi nyingine. Walikwenda zahanati moja upande wa Buguruni, akatolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Wakati huo majibu yalichukua muda namna hiyo.

Wiki mbili hizo binti aliendelea kuja shule. Kwenye pipa la maji kulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki walichotumia wote. Akinywa yeye, anayefuata alikisugua kwa mchanga, na baadaye hawakukisugua tena, walimwachia, wakaja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Rafiki yake alihama dawati. Alimweleza mwalimu wa darasa kwamba mama yake amemkataza kukaa naye, na mwalimu wa darasa akamruhusu. Wavulana walimwita binti kwa jina moja tu, waya, maana mitaani aliyeambukizwa walisema amekanyaga waya. Hawakulitamka kwa sauti. Akipita, mmoja alifanya mdomo kama mlio wa umeme, wengine wakaruka pembeni.

Niliyaona yote. Siku moja nilimwita yule rafiki yake ofisini. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniamkia kwa adabu, macho chini. Nikamuuliza kama ana neno la kuniambia. Akasema hana. Nilimtazama vidole, vilikuwa vinapapasa marinda ya sketi kama anaandika. Nilijua nikiuliza tena swali hilo hilo kwa sauti nyingine angesema. Nikamwambia aende darasani, maana angesema yeye, na mimi ningelazimika kusema.

Majibu yalitoka. Hakuwa na kitu. Baba yake alikuja shuleni siku iliyofuata, amevaa koti ambalo nadhani lilikuwa la harusi yake, na cheti amekitia ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa kipande kidogo cha karatasi, nusu ya ukurasa wa daftari, kimepigwa muhuri uliofifia, na neno la majibu limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwa mwandiko wa haraka. Akamwomba mkuu akisome mstarini. Mkuu alisita, kisha akakubali. Alikisoma mwenyewe mbele ya shule nzima, kwa sauti, akakiinua juu ili wakione. Kutoka nyuma hakuna aliyeweza kuona kitu, ilikuwa kama ameinua tiketi ya basi.

Nilikuwa na kipindi na kidato cha nne saa mbili baada ya pale. Binti alikuwa amekwenda na baba yake nyumbani. Kabla sijaanza, mwanafunzi mmoja wa mbele aliinua mkono. Alikuwa mtoto mpole, hana ubaya na mtu.

"Mwalimu, ile ya kwanza imechapwa na kompyuta," akasema. "Hii ya leo imeandikwa kwa mkono tu. Sasa sie tuamini ipi?"

Wenzake wakaniangalia mimi. Waliuliza kwa dhati, kama wangeniuliza maana ya neno. Nikatafuta mahali pa kuweka mikono yangu nisipaone.

Niliwachukua wote ishirini na mmoja tukaenda chumba cha kompyuta. Nikawasha mashine, nikaandika wakiwa wamesimama nyuma yangu. Niliandika kichwa cha habari, TAARIFA YA KIFO. Nikaandika jina langu kamili, nikaandika kwamba mwalimu huyo amefariki jana jioni na atazikwa leo alasiri. Nikaweka saini ya daktari. Nikazungushia nyota. Printa ikakwaruza mpaka mwisho, nikaichana karatasi nikampa yule aliyeuliza aisome. Wengine walicheka mwanzoni. Alipomaliza kusoma kicheko kilikuwa kimeisha.

Niliwaambia kompyuta haijui kama nimekufa au ni mzima. Haijui kitu chochote. Inaandika anachotaka mtu, na mtu anaweza kuwa muongo, na akiwa muongo mwenye vidole vyepesi uongo wake unatoka umenyooka na kupendeza. Nikawaambia kipande kile cha kalamu ya bluu kimeandikwa na mtu aliyeiangalia damu yenyewe, na hii ya nyota imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti hiki. Nikawaambia pia kwamba aliyeandika ni mmoja na waliobeba ni wengi, na kila aliyeitia kwenye daftari lake aliiandika mara ya pili. Yule rafiki alikuwa amesimama karibu na mlango. Akakaa chini sakafuni, wenzake wakamtazama wakaelewa.

Hilo ndilo somo nililopaswa kuanza nalo siku ya kwanza, kabla sijawaonyesha kitufe hata kimoja. Lingechukua robo saa.

Mchana ule nikaenda kwa mkuu na disketi. Nikamweleza tangu siku niliyoiona, kikao, na mkoba. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja, kwa nini. Nikamwambia niliogopa saruji. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniajiri vipi.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Yule rafiki alichapwa viboko mstarini mbele ya wote na kusimamishwa shule mpaka wakati wa mtihani. Alipoulizwa sababu alisema alitaka ufunguo. Alisema hakudhani watu wangeamini, halafu akasema alidhani wangeamini siku moja tu. Mimi nilipewa barua ya onyo. Chumba kilifungwa, mashine zikasukumwa pembeni, na wiki iliyofuata mifuko ya saruji ikaingia, ikapangwa juu ya mablanketi ya kijivu. Nilimwomba mkuu aniachie hata kipindi kimoja, bila mashine, niwafundishe vidato vyote lile somo la karatasi mbili. Akasema watoto wameshaona viboko, wamejifunza.

Hawakuwa wamejifunza. Binti alirudi shule siku tatu. Vikombe vilibaki vile vile. Msichana mmoja alisema wazi kwamba anaelewa karatasi ilikuwa ya uongo, ila usalama ni usalama. Siku ya nne hakuja.

Nilikwenda kwao Jumamosi. Nilishuka Yombo nikauliza nyumba ya mchongaji, na mwanamke niliyemuuliza aliniangalia kwanza mwilini kama nina ugonjwa ndipo akanionyesha. Bibi alinipokea uani, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Binti alikuwa kibandani kwa baba yake, ameketi juu ya gogo, anapiga msasa kinyago cha mpingo. Vumbi jeusi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Aliniamkia. Aliendelea kupiga msasa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumtaka arudi, kwamba mtihani ni mwaka huu huu, kwamba namba yake imeshapelekwa. Niliyasema yote. Kisha nikamwambia la kweli, kwamba nilijua tangu Jumatatu ile ile ya kwanza nani ameandika na kwamba nilikaa kimya.

Msasa ukasimama.

"Kwa hiyo mwalimu ulikuwa unajua nilipokuwa nasubiri majibu," akasema.

Nikasema ndiyo.

Hakuwa na hasira usoni, au labda vumbi liliificha. "Mie nilianza kuamini," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nafunga mkanda wa sketi naona imelegea. Nikasema kumbe wao wamejua kabla yangu. Nikawaza mama naye alianza hivihivi."

Nikasema pole, neno ambalo tunamwambia hata mtu aliyejikwaa. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikajua amesikia. Akauliza, bila kupandisha sauti, kama anauliza bei:

"Na angekuwa nao kweli, mwanangu, ndivyo mngemfanyia?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Muda wote, hata pale nilipowafundisha wale ishirini na mmoja, nilihangaika kuonyesha kwamba karatasi ilidanganya. Sikuwaambia kwamba hata isingedanganya, kile kikombe kilikuwa ni kikombe, na mtoto ni mtoto. Bibi hakusubiri nijibu. Akaingia ndani kuangalia moto.

Baba yake alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani akatoa ule mfuko wa nailoni kutoka mfukoni kwake. Alikuwa anatembea nao kila mahali. Akaniomba, kwa unyenyekevu ulionichoma kuliko kama angenitukana, kama naweza kumchapia cheti kile kwa mashine, kiwe kikubwa, kiwe na zile nyota, akakibandike bombani. Nikamwambia chumba kimefungwa. Akasema mjini si kuna maduka, mwenyewe niliwaambia walimu. Alikuwa ameshaambiwa hata hilo. Nikajaribu kumweleza kwamba cheti kikichapwa na mtu mwingine hakitakuwa cheti tena, kitakuwa kama ile ya kwanza tu.

"Lakini ile waliiamini," akasema.

Sikumchapia. Mpaka leo nikiliwaza jambo hili nageuka upande mmoja na upande mwingine. Ningemchapia ningekuwa nimeutumia ule ule ujinga niliowafundisha kuuheshimu. Sikumchapia, na mtoto wake akaendelea kukaa kibandani na vumbi jeusi. Baba akaukunja mfuko wake vizuri, akaniaga, akasema mwalimu usichelewe, mvua hiyo.

Kabla masika hayajaisha, bibi alimchukua mjukuu wake wakarudi Newala. Nilisikia kwa mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akikaa mitaa ile. Nilituma barua mbili kwa kupitia kwa baba yake. Baba alizipokea, lakini majibu hayakuja. Niliandika kwa mkono.

Mtihani wa kidato cha nne ulifanyika kama kila mwaka. Jioni ya kabla ya siku ya kwanza walimu watatu tulipewa kazi ya kupanga madawati ukumbini na kubandika namba za watahiniwa kwa gundi ya unga. Namba ya binti wa mchongaji ilikuwepo kwenye orodha, kwa kuwa majina yalikwenda kabla ya mambo yote haya. Niliuliza kama tuiruke. Msimamizi aliyetoka nje ya shule akasema hairukwi, dawati lake liwepo, mtihani wake uwekwe, akikosa itaandikwa amekosa. Nikapaka gundi nikabandika.

Alikosa Kiswahili, akakosa hesabu, akakosa masomo yote. Kila asubuhi msimamizi aliweka karatasi ya maswali juu ya dawati lile, akangoja nusu saa inayotakiwa, akaiondoa. Nilikuwa napita kibarazani wakati huo, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kelele nje. Dawati lililofuata nyuma yake, kwa mpangilio wa majina, lilikuwa la rafiki yake. Alikuwa amerudi kwa ajili ya mtihani, amenyoa nywele, amekonda. Aliandika haraka, kama alivyokuwa siku zote, na alipomaliza kabla ya wenzake hakuinua kichwa kuangalia mbele.